Walisema Hii Hawataichoma

Hasira yangu ilianza saa nane mchana, siku ya Jumanne, nikiwa nimeshika sahani ya wali na dengu, sebuleni kwa mzee mmoja wa Rayners Lane, hapa London. Si kwamba kabla ya hapo nilikuwa mtu wa kucheka tu. Nimekasirika sana katika jiji hili. Nimekasirika kwenye foleni ya uhamiaji kule Croydon, nimekasirika kwenye vituo vya basi, nimekasirishwa na ejensi inayonipa nusu saa kumwogesha, kumvisha na kumlisha mtu wa miaka themanini na tisa kana kwamba naosha gari. Lakini hasira hizo huja na kupita kama mafua. Hii ya Jumanne imekataa kupita, ndiyo maana naiandika.

Mimi ni kea. Nazunguka nyumba kwa nyumba kuwahudumia wasiojiweza, na mzee huyo alikuwa mteja wangu. Alikuwa Mhindi mzaliwa wa Kenya, wa mji mdogo wa reli ambako baba yake alikuwa na jumba la sinema. Alikuja London akiwa kijana, akauza miwani kwa miaka arobaini, akafiwa na mkewe, na mwishowe masikio yakamfa kabisa. Nilipoanza kwenda kwake alikuwa hasikii hata kengele ya mlango. Alisoma midomo ya watu, na alizungumza kwa sauti ya juu mno kwa sababu hakujisikia mwenyewe. Siku ya kwanza aliniuliza natoka wapi. Nilipomwambia Korogwe, alipiga makofi.

“Mama, wewe nasema Kiswahili? Basi kwisha! Sasa mimi naongea na wewe tu. Hawa wengine wote shauri yao.”

Kiswahili chake kilikuwa kile cha Wahindi wa Kenya, kimevunjika hapa na pale, lakini hakikuwahi kumwangusha. Binti yake, mfamasia aliyeishi mitaa miwili kutoka pale, alikielewa chote na kujibu kwa Kiingereza.

Kila siku baada ya chakula mzee aliangalia filamu. Alikuwa na rafu nzima ya zile riwaya za zamani za safari na hatari: watu wanaotafuta hazina visiwani, chombo kinachopita chini ya bahari, falme zilizofichwa nyuma ya milima. Alizisoma shuleni Kenya, kwa Kiingereza, chini ya fimbo. Na chini ya rafu hiyo alikuwa na riwaya zilezile zikiwa zimegeuzwa filamu, zile za enzi ambazo sinema ilikuwa bado haijapata sauti. Waigizaji wanafungua midomo, husikii kitu, halafu inakuja kadi ya maandishi kukwambia kilichosemwa.

“Kwa TV ya sasa kila mtu naongea, naongea, mimi sijui nini,” aliniambia. “Hapa wote bubu, na mimi kiziwi. Tuko sawa.”

Lazima niseme ukweli: nilizipenda. Nilikuwa nakaa ukingoni mwa sofa na miguu inaniuma, nikimtazama bwana mwenye masharubu akining'inia kwenye kamba juu ya mto wenye mamba wa mbao, na nilicheka mpaka mzee akanigeukia kuhakikisha nacheka pamoja naye, simcheki yeye. Mara nyingi nilipitiliza muda wangu. Hakuna aliyenituma.

Sasa, mzee alikuwa na filamu moja aliyoipenda kuliko zote. Ilikuwa kwenye makopo matatu ya bati yaliyotoka kwenye jumba la baba yake, imetengenezwa kutokana na riwaya moja ya Mzungu anayevuka Afrika kumtafuta malkia mchawi. Klabu moja ya wapenzi wa filamu za kale hapa London walikuwa na filamu hiyohiyo, lakini yao ilipungua kama dakika kumi katikati. Ya mzee ilikuwa kamili. Basi wakamwomba makopo, wakayasafisha picha kwa picha kwa mashine zao, na kabla ya kuionyesha hadharani wakamletea nakala mpya kwenye diski, aione kwanza. Hiyo ndiyo tuliyoiweka siku ile ya Jumanne.

Malkia alikuwa Mzungu. Makuhani wake walikuwa Wazungu waliopakwa masizi. Lakini ile safari ya porini ilipigwa kwetu, Afrika Mashariki, na watu wa kwetu, na kwa mara ya kwanza nyuso zao zilionekana wazi, mpaka jasho.

Mpagazi mmoja alipiga magoti mbele ya yule Mzungu, akasema kitu. Kadi ikaja: “Bwana Mkubwa! Wewe ni mungu wetu!”

Nilishtuka nikicheka. Yule mtu hakusema hivyo hata kidogo. Alisema, “Magoti yananiuma. Hii mara ya nne.”

Hapa inabidi nimtaje mama yangu. Mama alipata homa ya uti wa mgongo akiwa msichana, ikamwacha hasikii. Aliendelea kusema, lakini watu waliicheka sauti yake, kwa hiyo akaiacha. Alibaki kuchezesha midomo bila kutoa sauti. Sisi wanawe tulilelewa hivyo. Alitutuma dukani kwa midomo, akatugombeza kwa midomo, na usingeweza kumdanganya kwamba hukusikia. Mimi Kiswahili nilikijua usoni mwa mtu kabla sijakijua masikioni. Midomo ina mipaka yake, najua. Ba, pa na ma zote zinafunga mdomo namna moja. Lakini sentensi nzima ya mtu anayesema kwa uchungu, hiyo hainipiti.

Nikasogea karibu na televisheni, sahani bado mkononi. Zikaja zile dakika kumi zilizokosekana kwa wengine. Malkia amekasirika, anateremsha moto juu ya kijiji. Nyumba za makuti zinawaka. Kadi ikasema: “Washenzi wanakimbia ghadhabu ya malkia!” Watu wakakimbia kutoka kulia kwenda kushoto kama walivyopangwa. Halafu mwanamke mmoja akatoka mlangoni mwa nyumba ya mwisho, mkeka umekunjwa kwapani. Hakukimbilia upande wa wenzake. Alisimama. Hakuutazama moto wala mbingu. Alimtazama mtu aliyekuwa amesimama kando ya kamera, ambaye sisi hatumwoni, akamwambia:

“Nyumba yangu! Walisema hii hawataichoma! Walisema hii hawataichoma!”

Kisha mkono wa mtu ukamvuta, akaondoka kwenye picha.

Niliweka sahani sakafuni. Nilirudisha nyuma, nikaangalia tena. Nikarudisha tena. Mzee akaanza kulalamika.

“Mama, sasa nini? Kwa nini naharibu picha?”

Nikamgeukia ili anisome vizuri. “Mzee, yule mwanamke haigizi. Wamemchomea nyumba yake kwelikweli. Anasema walimwahidi hawataichoma.”

“Hapana. Hii ni sinema.”

“Moto si sinema, Mzee. Mtazame mdomo.”

“Mimi nimeona hii picha toka mtoto!” Alipiga mkono wa kiti. “Baba yangu ameonyesha watu mia, mia mbili. Hakuna mtu amesema hivyo. Wewe kwa siku moja naona? Kwenda zako! Usiniharibie!”

Nilichukua koti langu nikaenda kwa mteja wa pili. Nilimkasirikia mzee. Nilimkasirikia baba yake aliyekata tiketi mlangoni. Niliwakasirikia hata wale mia mbili waliokaa gizani, kwa sababu wengi wao bila shaka walikuwa wanajua Kiswahili.

Kesho yake nilimkuta mzee amekaa mbele ya televisheni, picha imesimamishwa kwenye uso wa yule mwanamke. Hakunisalimia. Alikuwa hajanyoa ndevu. Alibonyeza kitufe, mwanamke akasema, akasimamisha. Alifanya hivyo mbele yangu mara tatu.

“‘Hawataichoma,’” alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. “Nimeona. Mimi nauza macho kwa watu miaka arobaini, na sijaona hii.”

Nilimletea maji. Hakuyanywa.

Binti yake alitusaidia kuandika barua pepe kwa mratibu wa klabu. Tulimweleza kila kitu, mpaka dakika na sekunde. Alinialika ofisini kwake karibu na mto, akanipa kahawa, akaniwekea na biskuti. Alikuwa mpole. Upole wa London unaweza kukufungia mlango usisikie hata kitasa.

“Inavutia sana,” alisema. “Kweli, inavutia sana. Tatizo ni kwamba hatuwezi kuthibitisha.”

“Mimi nathibitisha.”

“Naelewa. Lakini kusoma midomo si sayansi kamili. Haiwezekani kwamba anasema ‘wanasema’ badala ya ‘walisema’?”

Nilishangaa kwamba aliyajua maneno yenyewe. Alikuwa ameyatafuta kwenye kamusi, na hapo nikajua ananiamini. Nikamwonyesha kwa mdomo wangu mwenyewe. “Kwenye ‘walisema’ midomo inatanuka hapa, kwenye ‘li’. Kwenye ‘wanasema’ inafunguka, ‘na’. Angalia. Mtoto wa miaka mitano nyumbani kwetu angekwambia.”

Aliandika kitu kwenye daftari. Halafu akasema wataweka tangazo mwanzoni mwa filamu, la kuwaonya watazamaji kwamba ina mitazamo ya zama zake.

“Nyumba si mtazamo,” nikamwambia.

“Samahani?”

“Nyumba ina nguzo na udongo na mlango. Mtu analala humo. Mtazamo hauungui.”

Alitabasamu kwa huzuni, akasema kwamba watu wanakuja pale kwa ajili ya ndoto, kwa ajili ya muziki, na hataki kuwavunjia. Kisha akanishukuru kwa muda wangu. Biskuti zake sikuzigusa.

Siku ya onyesho ilikuwa Jumapili mchana. Binti wa mzee alikodi teksi yenye nafasi ya kiti cha magurudumu, tukaenda watatu. Njiani alinigeukia, akaniambia kwa Kiingereza, “Please, usifanye kitu. Baba ana moyo mbovu.” Nikamwahidi. Nilimaanisha.

Ukumbi ulijaa. Lile tangazo la mitazamo lilipita kwa sekunde chache, watu bado wanavua makoti. Mpiga piano, kijana mwembamba aliyeketi chini ya skrini, alipiga vizuri, siwezi kumnyima sifa. Mpagazi akapiga magoti, kadi ya mungu wetu ikaja, na ukumbi mzima ukacheka. Walikuwa wanaicheka filamu, wanawacheka Wazungu wa zamani kwa ujinga wao, najua. Lakini walicheka juu ya uso wa mtu anayesema magoti yanamuuma. Nilishika mkono wa kiti cha mzee mpaka vidole vikafa ganzi.

Halafu moto. Piano ikaenda mbio. Mwanamke akatoka na mkeka wake, akasimama, na pale juu uso wake ulikuwa mkubwa kama ukuta wa nyumba. Akafungua mdomo, na mimi nikasimama.

“Nyumba yangu!” nilisema. “Walisema hii hawataichoma!” Kisha kwa Kiingereza, nikiwageukia watu: “Hayo ndiyo anayosema. Hiyo ni nyumba yake. Walimwahidi hawataichoma, wakaichoma mpige picha!” Hata sarufi ilinipotea.

Watu wakanipigia “Shiii!” Mmoja akasema kwa sauti kwamba amekuja kuangalia filamu, hakuja mkutanoni. Mwingine akasema, mwacheni. Mratibu alikuja anainama kwenye njia katikati ya viti, ameshika tochi, akaninong'oneza niketi au nitoke. Piano ilikuwa imenyamaza. Mpiga piano alikuwa amegeuka, mikono magotini.

“Amesema nini?” aliniuliza kutoka chini. “Rudia tafadhali.”

Nikarudia. Hakuendelea kupiga mpaka sehemu ile ikaisha. Nyumba ziliungua kimya kabisa, na mbele yangu nikamsikia mtu akikohoa.

Katika kimya hicho mzee, ambaye hakusikia lolote, aliniuliza kwa ile sauti yake inayofika barabarani:

“Mama! Umewaambia?”

“Nimewaambia, Mzee.”

“Wamesikia?”

Nikaachilia breki ya kiti chake. Binti yake alikuwa analia kwa hasira, na hadi leo sijui kama ilikuwa juu yangu au juu yao. Tulimsukuma mzee tukatoka.

Jumatano ejensi waliniita ofisini kwao Croydon. Yalikuwa yamewafikia malalamiko. Meneja alinisomea kutoka kwenye kompyuta: nimevuka mipaka ya kazi, nimejihusisha na mteja kupita kiasi, nimemweka mzee dhaifu katika hali ya msongo. Nilimwambia nilikwenda siku yangu ya mapumziko, na aliyenialika ni mwenye nyumba. Alisema hilo ndilo kosa lenyewe. Nikaondolewa Rayners Lane siku hiyohiyo, nikapewa wateja wa upande mwingine wa jiji, mabasi mawili na treni. Sikuruhusiwa hata kwenda kumuaga. Walimpelekea kea mwingine, dada mzuri tu, lakini alikuwa anazungumza huku amemgeuzia kisogo, na mzee akagoma kula siku mbili. Binti yake alipiga simu, akaandika, akapiga tena. Wakamjibu kwamba utaratibu ni utaratibu.

Basi nikaanza kwenda Jumapili, kama mgeni. Mgeni hana mipaka ya kazi. Mara ya kwanza mzee alinikataza hata kubeba kikombe.

“Leo wewe kaa. Huyu atapika,” alisema, akimwonyesha binti yake.

Baadaye, majira ya baridi, klabu wakaandika. Walikuwa wamewapa watu wawili zile dakika kumi, mtaalamu wa kusoma midomo na mwalimu wa Kiswahili wa chuo kikuu, na wote wawili walikuwa wamesema kama mimi. Wanashukuru sana. Wameandaa nakala nyingine yenye tafsiri chini ya picha, na wanaambatanisha diski. Tuliiweka sote watatu. Nilivaa miwani.

Mpagazi akapiga magoti. Hawakuweka kitu. Magoti yake hayakumhusu mtu. Kisha mwanamke akatoka, na chini yake yakaja maandishi meupe, mazuri, ya Kiingereza: “Nyumba yangu! Nyumba yangu!”

Hayo tu.

Niliandika usiku uleule, bila msaada wa mtu. Mratibu alinijibu kwa adabu. Maandishi lazima yawe mafupi, mtazamaji ana sekunde chache tu. Tena, neno “walisema” linazusha swali la nani alisema, na swali hilo klabu haina ushahidi wa kulijibu.

Nani alisema! Mama wa watu alilizusha swali hilo mwenyewe, akimtazama machoni yule aliyesema, na moto mgongoni. Wao wamemwachia nyumba wakamnyang'anya ahadi. Nyumba peke yake ni bahati mbaya. Makuti huungua, watu humpa mtu pole wakaenda zao. Lakini ukiweka ahadi, yupo mtu aliyekuja asubuhi, akasimama mlangoni, akamwambia usiwe na wasiwasi, hii yako itabaki. Huyo ndiye wanayemlinda, na wala hawamjui jina.

Mzee alichukua kalamu. Mkono unamtetemeka, barua ilimchukua siku tatu. Aliwaambia kwamba filamu ni mali ya marehemu baba yake, kwamba ruhusa ameifuta, na wasitumie hata picha moja kutoka kwenye makopo yake. Mimi na binti yake tulikwenda kuyachukua. Tulitia saini mapokezi, mratibu hakushuka. Makopo yalikuwa mazito kuliko nilivyodhani, na tulipanda nayo treni tumeyapakata kama watoto.

Sasa yamo kabatini mwa mzee, nyuma ya masweta. Klabu wamerudia nakala yao ya zamani, ile iliyopungua. Humo Mzungu anavuka mto na papo hapo yuko mlimani, na hakuna anayejua kwamba katikati palikuwa na kijiji.

Mzee anasema tumefanya sawasawa: kama hawataki kusema maneno yote ya yule mwanamke, basi wasimpate kabisa. Mimi sikubali. Kila Jumapili namwambia kwamba tumemtoa kwa wale wanaomkata ulimi, tukamfungia gizani pamoja na masweta, na hilo nalo ni kumnyamazisha. Ananiambia sijui maana ya heshima. Namwambia ajitazame kwenye kioo. Jumapili iliyopita tuligombana hivyo mpaka chai ikapoa, naye akafumba macho makusudi ili asinisome. Nikaendelea kusema. Binti yake akaja kutoka jikoni, akatutupia makoti, akasema kwa Kiswahili, kile ambacho hukiweka akiba:

“Tokeni nje wote wawili. Mkapigwe na upepo.”

Tukatoka. Nilimsukuma mpaka madukani na kurudi, mimi nyuma ya kiti, asipoweza kuisoma midomo yangu.